Swali Linalokatwa Mezani kwa Mhariri

Sayansi haiuzi. Kauli hiyo husemwa katika vyumba vya habari vya Dar es Salaam na Nairobi bila hata kuinua sauti, na kijana anayeanza kazi huipokea pamoja na kitambulisho chake. Msomaji wa Kiswahili, ataambiwa, anataka siasa, mpira na udaku. Habari za viumbe atazisoma zikiwa za namna tatu tu: mnyama kaua mtu, mnyama kaingiza dola za watalii, au mnyama kafanya kioja. Zaidi ya hapo ni mambo ya wasomi, na wasomi wana magazeti yao ya Kiingereza.

Naipinga kauli hii, wala si kwa kuihurumia sayansi. Sayansi ina wafadhili wake. Naipinga kwa sababu inamsingizia msomaji. Hamu anayodaiwa hana anayo tele. Kinachokosekana ni katikati ya habari, pale panapojibiwa swali ambalo mtu yeyote aliyesimama mbele ya meza ya muuza magazeti, akisoma vichwa vya bure, huuliza kabla hajaondoka: wamejuaje? Swali hilo tunalikata sisi wenyewe kwa kisingizio cha nafasi, kisha tunashangaa kwamba kilichobaki hakinunuliwi.

Mtazame kakakuona. Kila baada ya muda hujitokeza mmoja kijijini, na kijiji kizima husimama. Huwekewa maji, nafaka, pengine na silaha, wazee wakasoma atakachokigusa: mwaka huu ni wa mvua, wa njaa au wa vita. Viongozi hufika. Mwandishi naye hufika, na kesho yake habari inatoka na picha, chini ya kichwa chenye alama ya mshangao. Inasomwa mwanzo hadi mwisho. Mhariri anaihesabu kuwa kioja, na jioni hiyohiyo anarudia kwamba watu hawana haja na habari za viumbe.

Watu wale waliacha majembe yao kumtazama mnyama mmoja aliyejikunja. Laiti mwandishi angemuuliza maswali mawili ofisa wa wanyamapori, angerudi na habari ya kurasa mbili. Kakakuona hana jino hata moja. Hula sisimizi na mchwa kwa ulimi ambao mzizi wake haukomei kooni. Umeshuka kifuani hadi karibu na mbavu za mwisho. Yule wa nyikani kwetu hutembea zaidi kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameikunja. Magamba yake ni keratini, kitu kilekile kilichounda ukucha wa anayemshangaa, na kwa ajili ya ukucha huo amekuwa miongoni mwa mamalia wanaouzwa zaidi kwa magendo duniani, hata mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zikakubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya aina zote nane. Jike huzaa mtoto mmoja kwa uzazi. Tena ni mnyama wa usiku. Sasa mnyama wa usiku anatafuta nini mchana kweupe katikati ya mashamba? Kafukuzwa na moto? Na trekta? Na ukame? Wazee wana jibu lao, na sisemi mwandishi awakejeli. Nasema swali lilikuwepo, umati ulikuwepo, na gazeti likarudi na alama ya mshangao peke yake.

Nitakubali jambo moja kabla sijarukiwa. Habari nyingi tunazoziita za sayansi haziuziki kweli, wala hazistahili kununuliwa. Ni habari za warsha. Mgeni rasmi kafungua, wadau wametakiwa kushirikiana, jamii imeaswa kutunza mazingira, na mtafiti aliyekaa porini miaka sita yuko mstari wa tatu kwenye picha, hakunukuliwa hata neno. Ukiuza maji ya kunawia kama supu, mteja akayakataa, huwezi kwenda kutangaza kwamba watu wa mtaa huu hawanywi supu.

Juni 2024 ilitoka habari kwamba tembo huitana kwa majina. Ilikuwa habari ya huku kwetu, maana sauti zilirekodiwa Samburu na Amboseli, Kenya. Ukiipata kwa sentensi tatu, kama nyingi ya habari hizi zinavyotufikia, unabaki na njia mbili: kusema ni ajabu ya Mungu, au kusema watu wamekosa kazi. Huna cha kupimia. Lakini sikiliza ilivyokuwa. Watafiti walikusanya milio 469 iliyorekodiwa kati ya 1986 na 2022, ile tu ambayo ilijulikana nani kaitoa na nani alikuwa akiitwa. Wakaipa kompyuta ijaribu kumtambua mwitwa kwa kusikia mlio. Ikapatia 27.5 kati ya mia. Ukisoma harakaharaka utasema imefeli mtihani. Ila kwa kubahatisha ingepatia kama 8 tu. Kisha wakaenda porini na spika, wakamsikilizisha kila mmoja wa tembo 17 mlio uliokuwa wake na mlio uliokuwa wa mwenzake. Uliokuwa wake ulimfanya aitike au asogee haraka zaidi. Na mpaka hapo, bado hawajaweza kuukata mlio na kuonyesha kipande fulani kwamba jina ndilo hili.

Hilo la mwisho ndilo tamu kuliko yote, na ndilo la kwanza kukatwa. Mhariri huogopa shaka. Anadhani ukimwambia msomaji kwamba wataalamu hawajamaliza, ataona amepotezewa muda. Kumbe msomaji huyohuyo, kurasa chache mbele, anakokotoa tofauti ya mabao, anajua timu yake inahitaji pointi ngapi na nani afungwe ili ipite, anabishana nusu saa juu ya mstari wa kuotea. Mtu anayeishi na hesabu hizo kila wikiendi hatishwi na asilimia, na hana tatizo na mchezo ambao haujaisha. Anachokikataa ni kuambiwa matokeo bila kuonyeshwa mechi.

Najua nitakachojibiwa: tembo ni tembo, mkubwa, kila mtu anampenda. Basi tumchukue ndege mdogo wa kijivu ambaye wengi hawawezi kumtofautisha na shorewanda. Mrina asali wa Tunduru hahitaji kuambiwa mlembe ni nani. Humjia mtu, hulia kwa kelele, huruka mti hadi mti mpaka penye nyuki. Mtu hufukiza moshi, hupasua, hutwaa asali, na ndege hubakiwa na masega, kwa sababu anachokipenda ni nta na majana. Kwa muda mrefu wapo waliozichukulia habari hizi kuwa hadithi za warina asali. Mwaka 1989 Hussein Isack, Mkenya aliyekuwa Makumbusho ya Taifa, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer walichapisha katika jarida la Science walichokipima kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika eneo asilolijua, mrina asali asiye na ndege alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Akiongozwa na ndege, saa 3.2.

Likabaki swali lingine. Wayao wa Niassa, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, wana mlio wao wa kumwitia mlembe, wa kutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno. Je, ndege anauelewa mlio huo, au anafuata kelele yoyote inayomwonyesha kwamba kuna mtu porini? Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walitembea msituni wakipiga rekodi: safari hii mlio wenyewe, safari ile sauti nyingine za binadamu, safari nyingine sauti ya hua. Matokeo yalitoka 2016. Kwa mlio wa Wayao nafasi ya kuongozwa ilikuwa 66 kati ya mia, kwa sauti nyingine nusu ya hiyo. Halafu 2023, safari hii pamoja na Brian Wood, ikaja jaribio ambalo mtu yeyote kijiweni angelipendekeza: badilisha. Wahadzabe wa Tanzania hawatetemeshi ulimi, hupiga mluzi. Mluzi wao ukapelekwa Niassa, na mlio wa Wayao ukapelekwa vilima vya Kidero, kwa Wahadzabe. Ndege wa Kidero waliitikia mluzi wa nyumbani zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya wageni. Wa Niassa nao waliupendelea mlio wa kwao, karibu mara mbili.

Kwa hiyo ndege wa porini, asiyefugwa na mtu, amejifunza lugha ya watu wa mahali alipo. Kafundishwa na nani? Wazazi hapana, kwa kuwa mlembe halelewi na wazazi wake: mama hutaga kwenye kiota cha ndege wengine na kwenda zake. Na kabla hujaanza kumpenda huyu rafiki wa binadamu, ujue pia kwamba huko Zambia kamera zimemnasa kinda wake, kipofu, siku chache tangu aanguliwe, akiwa na kulabu mbili kali kwenye ncha ya mdomo, akiwauma makinda wa keremkerem ndani ya shimo la giza mpaka wafe, ili chakula kinacholetwa kiwe chake peke yake. Katika vitabu vya shule wanyama wetu bado ni sungura mjanja na fisi mlafi. Kila mmoja ana tabia moja na funzo moja. Mlembe hakai kwenye ngano ya namna hiyo, na ndiyo maana inafaa asimuliwe kama alivyo.

Nani kashindwa kuiuza habari hii? Haikuwahi kuwekwa mezani.

Sasa nifike kwenye hoja yao nzito, ile inayosemwa kwa uso wa huzuni: nchi ina shida za maji, umeme na dawa, kuandika kuhusu ndege na vyura ni anasa. Neno vyura hapo si la bahati. Tanzania ilishakuwa na mjadala wa kitaifa kuhusu chura, na tuliuendesha vibaya.

Chura wa Kihansi aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, umeshaanza. Ni chura wa manjano asiyefikia sentimita tatu. Hatagi mayai yakawa viluwiluwi. Huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura, wadogo kiasi cha kukaa kadhaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Dunia yake yote ilikuwa kama hekta mbili za majani yaliyolowa daima kwa manyunyu ya maporomoko, na ubaridi wa manyunyu hayo ndio uliokuwa nyumba yake. Bwawa lilipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya tisini, sehemu kubwa mno ya maji, kama asilimia 90, ikageuziwa kwenye mitambo. Manyunyu yakakoma. Mwaka 2000 vyura 499 wakasafirishwa kwa ndege kwenda Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx.

Hapo ndipo habari ilipopata miguu, na ikakimbilia kwenye mzaha. Vyura wanapanda ndege, sisi tunapanda daladala. Ama umeme, ama chura. Ulikuwa mzaha mzuri na sikatai kwamba unachekesha mpaka leo, lakini uliwekwa mahali pa habari, na habari yenyewe ikapotea nyuma yake. Maana swali la Kihansi halikuwahi kuwa umeme au chura. Lilikuwa hili: ni kiasi gani cha maji kiachwe kipite, na je, manyunyu yanaweza kutengenezwa na mtu? Mafundi walitandaza mabomba ya kunyunyizia bondeni, na kwa muda yalifanya kazi; vyura wakaongezeka hadi kufikia maelfu mwaka 2003. Kisha ndani ya miezi michache wakafa karibu wote. Vyura waliokufa walikutwa na kuvu wa ngozi ambaye ameangamiza vyura katika mabara mengi. Wengine wakayatilia shaka matope yaliyofunguliwa kutoka bwawani mwaka huohuo. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 mia moja wakarudishwa, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni. Mitambo nayo haikuzimwa. Ina uwezo wa megawati 180.

Hiyo ni habari ya upelelezi. Ina maiti, ina washukiwa wawili au watatu, ina fedha, ina wanasiasa, ina mafundi wanaojaribu kuiga maporomoko kwa mabomba. Mhariri wa kurasa za mahakama angeililia. Na walioambulia mzaha ni raia ambao siku zote huombwa maoni juu ya mabwawa mengine, mito mingine na misitu mingine. Anayeambiwa achague kati ya umeme na chura atachagua umeme, hata mimi. Aliyeelezwa jinsi maji yanavyogawanywa atauliza lita ngapi kwa sekunde, na hilo ni swali ambalo mwenye mradi hapendi kuulizwa. Kwa hiyo tafadhali, tusiambiane kwamba elimu ya viumbe ni anasa ya nchi tajiri. Ujinga wake ndio uliotugharimu.

Hoja ya utalii sitaikalia sana. Ni kweli watalii huleta fedha, na ni kweli mnyama mwenye bei hulindwa. Lakini gazeti lililozoea kumtaja mnyama na bei yake halina la kusema kuhusu silikanti, kwa kuwa hakuna mtalii atakayemwona: hukaa kwenye kina cha zaidi ya mita mia, penye giza. Dunia ilidhani samaki huyu alikwisha pamoja na dinosaria, mpaka mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta kwenye shehena ya meli ya uvuvi huko East London, Afrika Kusini. Tangu 2003 wavuvi wa kwetu wamekuwa wakiwanasa, hasa Tanga, kwenye majarife yanayotegwa chini kabisa kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Haya yaliandikwa. Lililokuja mwaka 2021 ndilo lililostahili kurasa za mbele. Watafiti wa Ufaransa waliyachukua tena magamba ya silikanti wa zamani waliohifadhiwa makumbusho, wakayatazama kwa mwanga wa namna nyingine, wakaona mistari myembamba ambayo wenzao hawakuwahi kuiona. Gamba la samaki huongeza mistari kadiri anavyoishi. Waliotangulia walikuwa wamehesabu ile minene tu, wakasema silikanti huishi kama miaka 20. Hesabu mpya ilionyesha anaweza kukaribia 100, huchelewa kupevuka kwa miongo mingi, na mimba yake huchukua kama miaka mitano.

Mvuvi wa Tanga aliyemkuta silikanti mkubwa jarifeni huenda alikuwa amemshika kiumbe aliyezaliwa Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuzaa. Mwambie hivyo, kisha muulize kama habari hiyo inamchosha.

Limebaki lile la lugha, ambalo husemwa hata na watu wanaokipenda Kiswahili: kwamba ni kitamu kwa mashairi na siasa, ila sayansi ya viumbe inakishinda. Wanaosema hivi hawajawahi kusikia kinachoandikwa Gombe. Jane Goodall alifika pale mwaka 1960, na dunia inamjua. Isichokijua ni kwamba kwa miongo mingi sasa wanaoamka alfajiri kuwafuata sokwe mtu, kupanda na kushuka mabonde hadi jioni, ni Watanzania, na maelezo ya siku huyaandika kwa Kiswahili: nani katembea na nani, nani kamtoa nani kupe, wamekula tunda gani, nani kampiga nani na nani kaamulia. Januari 1974 aliyeshuhudia madume wa kundi la Kasekela wakimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama, na kumpiga vibaya ni Hilali Matama. Hilo lilikuwa shambulio la kwanza la namna hiyo kuonwa na mtu, mwanzo wa miaka minne ambayo vitabu vya Kizungu vinaiita vita. Maelezo ya Gombe yalisafirishwa hadi vyuo vikuu vya Marekani, yakafasiriwa, yakaingizwa kwenye kompyuta, yakazaa makala katika majarida makubwa ya sayansi. Shirika la habari la kigeni likayafupisha kwa Kiingereza. Muhtasari ule ukaja Dar es Salaam, na mhariri wa zamu akahangaika kuurudisha kwenye Kiswahili, akakata aya mbili zilizomshinda, akasema: unaona, lugha yetu haibebi mambo haya.

Kutoka Kibirizi, nje kidogo ya Kigoma mjini, kuna boti za abiria zinazokwenda kaskazini na kupita Gombe. Hupakia watu, mafuta ya mawese na dagaa. Mhariri anayelalamika kwamba hana bajeti ya sayansi aanze na nauli hiyo, ampe mwandishi mmoja, amwambie asirudi na picha ya mgeni rasmi.